Uniti zinaisha tarehe 24: nani anazila?

Jambo yenu, Yaya, wewe unayejibu barua zetu.

Mimi ni mama mjane wa Katuba, hapa Lubumbashi. Marehemu mume wangu alitoka Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, mwaka 2003, katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Pesa aliyopewa hatukuila. Tulijenga milango mitatu ya kupangisha nyuma ya nyumba yetu, na mpaka leo milango hiyo ndiyo inayotulisha, mimi na wajukuu wangu wawili.

Mlango wa kwanza anakaa mwalimu na mke wake na watoto wanne. Wa pili ni mama mshonaji pamoja na binti yake. Wa tatu ni kijana anayefanya kazi mine (mgodini) huko Kolwezi, wiki mbili kule, wiki mbili hapa.

Lupango wote, yaani uwanja na nyumba zake, una kompteri (mita ya umeme) moja. Zamani tulikuwa tunalipa SNEL, shirika la umeme, kwa forfe, yaani bei moja ya mwezi. Faktire (ankara) ilikuja ileile kila mwezi, tunaigawa kwa nne, hakuna anayenung'unika. Tangu tuwekewe kompteri ya kulipa kabla, amani imetoka lupangoni. Mimi ndiye ninayenunua uniti, halafu kila mlango unanirudishia robo. Mpaka mwezi wa nane uniti 270 zilikuwa zinatufikisha mwisho wa mwezi. Sasa zikifika tarehe 24 au 25 zimekwisha, nakimbia kuongeza nyingine 70, na kila ninapopita kukusanya pesa ni maneno.

Ninayemshuku ni mwalimu. Mke wake anapikia resho ya umeme (jiko la sahani): bukari (ugali) kwa resho, maharage kwa resho. Nimewakataza, wakaitika. Lakini saa tano usiku nikiwa kitandani nasikia harufu ya sombe (kisamvu). Sombe saa tano usiku, Yaya! Mimi kwangu napikia mbabula (jiko la makaa) kama watu wote. Nina konjelateri (friza) tu, ile ya zamani na ile nyingine mwanangu wa Kasumbalesa aliyoniletea mwezi wa nane, za kugandishia sashe (vifuko) za maji ninazouza. Na taa kubwa ya ukutani inayotulinda sote usiku.

Kijana wa mine naye amenishinda. Anasema hayupo nusu ya mwezi, basi atalipa nusu. Nikamwambia hapa tunalipa kwa mlango, siyo kwa siku. Amekaa miezi mitatu bila kulipa. Mwisho nilimwita fundi akate waya wake. Aliporudi kutoka Kolwezi akakuta giza, hakunigombeza, alikwenda moja kwa moja kwa shefu wa kartie (mkuu wa mtaa). Nimeitwa Jumanne. Mshonaji yeye hana deni, ila siku hizi hanisalimii, na sijui nilimkosea nini.

Maji pia tunagawa kwa nne. Bomba la REGIDESO, shirika la maji, liko uwanjani. Majirani wakikaukiwa wanakuja kuchota kwangu, wananipa faranga kidogo kwa bidoni (dumu), siyo kitu.

Nauliza: naweza kuandika kwenye mkataba kwamba resho ni marufuku? Deni la kijana naweza kulikata kwenye garanti (pesa ya dhamana ya nyumba) yake? Nilichukua ya miezi sita, kama wanavyofanya wote. Au nimalize maneno kwa kuweka umeme na maji ndani ya kodi, kila mtu alipe bei moja?

Mama wa Katuba

—

Mama, jambo.

Jumanne ukifika kwa shefu wa kartie, usianze na resho ya mwalimu. Akikuuliza ni kitu gani kilibadilika mwezi wa nane, utamjibu nini? Wapangaji ni walewale, resho ni ileile. Kilichoingia lupangoni mwezi huo ni konjelateri ya pili, na imeingia kwako.

Najua umeshakasirika. Subiri tufanye hesabu pamoja, kwa kalamu.

Uniti moja ni wati 1000 zilizofanya kazi saa moja. Kila chombo kimeandikwa wati zake mgongoni au chini. Zidisha wati kwa saa kinazowaka, gawanya kwa 1000, utapata uniti. Resho ya sahani moja huwa na wati kama 1000. Mke wa mwalimu akipika saa tatu kwa siku, anakula uniti 3, ambazo kwa mwezi ni 90. Ongeza taa na televisheni, tuseme 15. Mwalimu yuko kwenye 105.

Konjelateri wati zake ni chache, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Inanguruma taratibu, haina moto mwekundu wa kutisha kama resho. Lakini haijui kwenda kulala. Konjelateri ya sanduku, inayofunguliwa kila mteja akija na kujazwa sashe za maji ya vuguvugu kila asubuhi, inaweza kula uniti 2 kwa siku bila shida. Kwa mwezi ni 60. Wewe unazo mbili, kwa hiyo 120. Televisheni, pasi na taa za ndani, weka 30. Uko kwenye 150.

Mshonaji ana pasi, mota ya cherehani na taa. Nimempa 30. Kijana wa mine ana taa mbili, televisheni na simu, na nusu ya mwezi mlango umefungwa. Nimehesabu nikapata 8, na hapo nimemwonea.

Imebaki taa ya ukutani. Ukisema kubwa, nadhani ni ile ya zamani ya wati 100. Ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku inakula uniti 36 kwa mwezi. Yaani hiyo taa peke yake inakula kuliko mshonaji na cherehani yake.

Jumlisha vyote: 329. Ugawe kwa siku 30, ni karibu uniti 11 kwa siku. Sasa chukua zile 270 zako uzigawe kwa 11, uone zinaisha tarehe ngapi. Tarehe 24, inaelekea 25, kama ulivyoandika. Halafu toa konjelateri ya pili kwenye hesabu, uone utabaki na ngapi.

Hizi ni namba za mtu aliye mbali, mama. Nimehesabu kana kwamba delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) haipo, na vyombo vyenu sijaviona. Huenda resho ni ya sahani mbili, hapo mwalimu atapanda. Lakini mpango wa kugawa kwa nne unamtoza kila mlango uniti 85, yaani 270 na zile 70 unazoongeza, gawa kwa nne. Mwalimu, yule unayemshuku, akila 105 na robo yake ya taa, 9, anafika 114: anazidi, lakini siyo yeye anayebomoa lupango. Mshonaji anakula 39 pamoja na taa, analipa 85, kila mwezi, kimya. Uliuliza ulimkosea nini. Na kijana anayekula 17 alipojitolea kulipa nusu, yaani 42 na kitu, alikuwa anakupa zaidi ya mara mbili ya deni lake. Wewe ukamkatia waya.

Siamini kwamba ulikusudia kuiba. Forfe ndiyo iliyotuzoesha hivyo. Enzi za forfe konjelateri yako haikumgharimu mtu kitu, wala resho yake, kwa sababu faktire ilikuwa ileile mkiwasha au mkizima. Kugawa kwa nne wakati ule ilikuwa haki. Kompteri ya kulipa kabla ilipofungwa, kila kitu kikaanza kuhesabiwa isipokuwa ule mgawo wenu wa zamani, ambao mliendelea nao. Niliwahi kupanga komini ya Kenya, mojawapo ya komini (wilaya) za Lubumbashi, lupango wa milango mitano, kompteri iko chumbani kwa mwenye lupango, nyuma ya kitanda. Mzee alikuwa mtu mwema kabisa, anasali. Lakini anayetumia, anayehesabu na anayekusanya pesa akiwa mtu mmoja, na namba hakuna mwingine anayeziona, hata wema wake hauaminiki. Tulimnong'ona miaka miwili. Pengine hakuwa anatudai hata faranga moja ya ziada. Hatukuwa na njia ya kujua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya pesa yoyote, ni ya usiku mmoja. Waite wote watatu, kijana akiwepo. Zimeni kila kitu lupangoni, na konjelateri pia, kisha simameni mbele ya kompteri. Kile kitaa chake kidogo kikiendelea kupepesa, umeme unatoka mahali: waya umechubuka, au kuna mtu nje ya ukuta amejiunga. Hapo unahitaji fundi. Kikitulia, kila mlango uwashe vyake kwa zamu, dakika kumi kumi, wote mkiangalia kinavyokimbia. Mwalimu ataona resho yake. Na wewe utaona vyako mbele ya macho ya watu, jambo ambalo si tamu, lakini litakuondolea maneno mengi kuliko barua yangu hii.

Kisha nunua kompteri ndogo, moja kwa kila mlango wa nyuma, fundi azifunge nje ukutani mahali kila mtu anapita. Nani azilipe? Wewe. Zitabaki ukutani wapangaji wakiondoka, ni mali ya nyumba kama mlango na bati. Ukishindwa kwa mara moja, anza na mwalimu, maana ndiye mwenye matumizi makubwa nyuma, mengine mwezi ukifuata. Siku moja ya mwezi, tuseme tarehe 1, mnasoma kwa pamoja, mnaandika kwenye daftari, na yule kijana wa mine apigiwe picha ya kompteri yake itumwe kwenye simu. Bei ya uniti moja msiivumbue: chukua risiti, gawanya pesa uliyotoa kwa uniti ulizopata, basi. Usiongeze kitu juu yake. Kinachobaki, yaani uniti zote za mwezi ukitoa zile za kompteri ndogo tatu, ni chako wewe pamoja na taa ya ukutani, na taa ndiyo mtakayoigawa kwa nne.

Mpaka kompteri hizo zipatikane, pigeni hesabu ya vyombo kama niliyoipiga hapa. Si sahihi kabisa, lakini iko karibu na ukweli kuliko robo.

Kuhusu kukataza resho: unaweza kuandika unachotaka kwenye mkataba, ila utakuwa askari wa harufu mpaka lini? Yule mama hapiki sombe saa tano usiku kwa sababu ana kiburi. Anapika kwa sababu gunia la makala (makaa) limepanda na mvua ikianza linapanda tena, na ana midomo sita ya kulisha. Akilipa uniti zake mwenyewe kwa kompteri yake mwenyewe, atachagua mwenyewe siku ya resho na siku ya mbabula. Kuna sababu moja tu ya kuzungumza naye kuhusu resho, nayo ni waya. Milango mingi ya nyuma mjini hapa ilivutiwa waya mwembamba, wa taa mbili na redio. Resho ikiwaka kwenye waya huo kwa muda wa saa tatu, waya unapata moto ndani ya ukuta. Fundi akija kufunga kompteri, mwulize kuhusu hilo, na kama ni mwembamba ubadilishwe. Hilo nalo ni la mwenye nyumba.

Sasa garanti. Hapa punguza sauti, mama. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, ile ya upangaji wa nyumba ambazo si za biashara, inaweka kikomo: kwa nyumba ya kukaa, garanti haizidi miezi 3. Wewe umechukua 6. Najua wote wanafanya hivyo, na wote hao wangepata shida ileile kama wewe siku ya kufika mbele ya ofisi ya Habitat (makazi) ya komini au ya hakimu. Ukimwambia shefu "nataka kukata deni kwenye garanti," swali litakalofuata ni garanti ya miezi mingapi. Hilo swali hulitaki.

Na hata ingekuwa ya miezi 3, garanti haiguswi mpangaji akiwa bado ndani. Inafunguliwa siku anapotoka, mnakagua nyumba pamoja, mnaangalia kodi na madeni yaliyothibitishwa, anachukua kinachobaki. Deni la kijana kwa sasa halijathibitishwa. Unadai robo ya miezi mitatu, uniti 255. Kwa hesabu ya vyombo ni 51. Ungekuwa wewe ungelipa ipi?

Waya wake urudishwe kabla ya Jumanne, si baada. Umempangisha nyumba akae kwa amani, na kodi yake ya nyumba hujasema kwamba hailipi. Ukifika pale umeme wake ukiwa unawaka, mazungumzo yatakuwa ya hesabu. Ukifika kukiwa na giza, yatakuwa ya waya uliokatwa, na hapo hata ukiwa na haki mahali fulani hakuna atakayeisikia.

Maji umeyapitia haraka sana, mistari michache tu, na mimi mistari ya haraka ndiyo huisoma mara mbili. Faktire ya REGIDESO mnaigawa kwa nne, lakini majirani wanachota na pesa yao inaingia kwako. Unasema siyo kitu. Tuione. Bidoni ya lita 20 ikijazwa mara 50 ni lita 1000, ndiyo meta kubu moja kwenye faktire. Majirani wakichota bidoni 10 kwa siku, mwezi mmoja wamechota bidoni 300, yaani meta kubu 6. Wapangaji wako wanalipia robo tatu ya maji hayo, wewe unauza. Sisemi uache kuwapa majirani. Wakati bomba la mtaa mzima limekauka, lupango wenye maji ukifunga geti ni aibu. Weka daftari jingine, au chupa ya kutupia kokoto, kokoto moja kwa bidoni. Mwisho wa mwezi pesa ya majirani itoe kwanza kwenye faktire, kinachobaki mgawane kwa vichwa, si kwa milango. Mwalimu ana watu sita, mshonaji wawili, kwako watatu, kijana umhesabu nusu kichwa, na atakubali. Na bomba lenyewe likaguliwe: likidondosha tone moja kila sekunde, kwa siku limejaza karibu bidoni nzima, na hakuna aliyeoga nayo.

Kuweka vyote ndani ya kodi kwa bei moja nisingekushauri. Ni forfe inarudi kwa mlango wa nyuma. Mwezi wa kwanza utapumzika, wa pili mwalimu ataongeza sahani ya pili, wa tatu utaniandikia tena. Kwa kijana peke yake inaweza kufaa, kwa sababu matumizi yake ni madogo na hayabadiliki: mkubaliane kiasi kidogo kwa mwezi, kiandikwe, akilipe pamoja na kodi hata akiwa Kolwezi. Kwa wale wawili wengine, hapana.

Biashara ya sashe usiiache. Ila ipe hesabu yake: uniti 120 ni gharama ya barafu, zitoke kwenye pesa ya barafu. Ukishazitoa, angalia kama faida bado ipo. Ikiwa ipo, endelea na uuze kwa moyo mweupe. Ikiwa haipo, basi kwa miezi yote hii konjelateri ya pili ilikuwa inafugwa na wapangaji, na afadhali uizime.

Mshonaji mwendee wewe, usimsubiri. Usimpelekee maneno mengi. Mwambie umehesabu upya, umekuta analipa kupita kiasi, na mwezi ujao kilichozidi utakipunguza. Kama pesa haipo, mpe nguo za wajukuu azishone mkatane deni hapo hapo.

Na hiyo taa ya ukutani ibadilishe leo. Za LED za wati 10 ziko kila duka la umeme sokoni, zinaangaza uwanja vya kutosha. Itakula uniti 3 na nusu kwa mwezi badala ya 36, na Jumanne utakuwa na jambo moja tayari la kumwonyesha shefu.